Sumaku Haisikii Chupa: Pikapu za Gitaa za Zamani na za Kisasa

Ukitoka mjini Kakamega ukaishika barabara ya kaskazini iendayo Webuye, hukawii kufika Lubao. Wengi wetu huku Pwani jina hilo tumelisikia kwa habari moja tu, nayo ni lile soko lake ambamo mbwa huuzwa na kununuliwa kama kwetu wanavyouzwa mbuzi na kuku. Habari hiyo imekwisha andikwa vya kutosha, na makala haya hayana haja ya kuirudia. Lipo jambo jingine la upande ule ambalo halikupewa haki yake, nalo linawahusu wapenzi wa muziki wa Mombasa, Malindi na Lamu zaidi kuliko bei ya mbwa. Jambo lenyewe ni gitaa.

Sehemu ile ya magharibi ya Kenya ni moja ya shule kubwa za gitaa katika Afrika ya Mashariki. Kisa, upande wa kusini-magharibi ya mji wa Kakamega, ndiko alikotoka George Mukabi, aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 1963, mtu ambaye kwa miaka michache tu aliwafundisha wapigaji wa kizazi kizima namna ya kutumia kidole gumba na kidole cha shahada. Bunyore walitoka Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola, waliojiita Abana ba Nasery. Daudi Kabaka, aliyefariki mwaka 2001, naye alikuwa mwana wa Waluhya ingawa alizaliwa Uganda, na wimbo wake "Helule Helule" uliwafika hata vijana wa Uingereza waitwao The Tremeloes, wakautoa kwa sauti zao mwaka 1968. Na msomaji anayedhani kuwa nchi ile iko mbali na sisi, akumbuke kwamba Mumias, mji wa Nabongo Mumia, ambako misafara ya watu wa Pwani ilikuwa ikipiga kambi tangu karne ya 19, uko huko huko Kakamega.

Leo kijana wa Lubao akitaka kuingia katika bendi, sawa na mwenziwe wa Majengo au Kisauni, hatafuti gitaa kavu. Ataka la umeme. Akishalipata, aghalabu la mkono wa pili, wajuzi humjia kwa ushauri. Mmoja atamwambia pikapu zake hazifai, azitoe atafute za zamani. Mwingine atamwambia kinyume chake, kwamba hizo alizonazo ni kuukuu, zinanguruma, atie za kisasa. Kila upande una methali yake: huyu husema ya kale ni dhahabu, na yule hujibu kipya kinyemi kingawa kidonda. Pesa zinazotajwa katika ubishi huo si haba, na wanaoshauriwa kuzitoa mara nyingi hawanazo. Kwa hiyo yafaa tulifungue gitaa tutazame ndani mna nini.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Pikapu ijulikanayo na kila mtu ni ile gari ndogo ya kubebea mboga na mbao sokoni. Hii ya kwetu leo yaingia kiganjani, na imetiwa chini ya nyuzi za gitaa la umeme. Nayo kazi yake ni kubeba, ila mzigo wake ni sauti.

Ndani yake hamna maajabu. Mna sumaku, na mna waya wa shaba mwembamba kama unywele, uliozungushwa maelfu ya mara kama uzi unavyozungushwa kwenye bobini ya cherehani. Mafundi huuita waya huo koili. Juu yake hupita nyuzi za gitaa, ambazo ni za chuma. Uzi ukitikisika, nguvu ya sumaku nayo hutikisika, na katika koili hutokea umeme kidogo mno, ambao hupelekwa kwa waya mpaka kwenye amplifaya ukakuzwa na kutolewa kwa spika. Ni kanuni ile ile aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831, na ndiyo itumikayo katika mitambo ya umeme ya Kindaruma kwenye Mto Tana. Tofauti ni kwamba Kindaruma maji ndiyo yazungushayo, na hapa ni kucha ya mtu.

Naomba msomaji alishike neno moja katika maelezo hayo: nyuzi za chuma. Sumaku haina sikio. Haisikii hewa, haisikii mbao, wala haimsikii mwimbaji. Inahisi chuma kinachocheza mbele yake, basi. Tutakuja kuliona neno hili likifanya kazi kubwa.

Pikapu ya kwanza iliyopata kuuzika ilitengenezwa California na George Beauchamp pamoja na Adolph Rickenbacker kuanzia mwaka 1931, katika gitaa la kulazwa mapajani ambalo kwa umbo lake lilibandikwa jina la kikaango. Mwaka 1936 kampuni ya Gibson ilitoa gitaa lake la ES-150. Mwaka 1950 Leo Fender akaleta gitaa la mbao nzima, lisilo na tundu wala tumbo, maana kama sumaku haisikii hewa, tumbo la nini? Mwaka 1954 akaleta lile liitwalo Stratocaster, lenye pikapu tatu. Ukiona picha ya mpiga gitaa wa bendi yoyote ya dansi, aghalabu alilolishika ama ni mojawapo ya haya, ama ni mwigo wake.

Waliokuwa wakizungusha waya katika kiwanda cha Fender wengi wao walikuwa wanawake. Mmoja wao, Abigail Ybarra, alianza kazi hiyo mwaka 1956 na akaifanya kwa zaidi ya nusu karne, hata pikapu zilizopita mikononi mwake zikawa zatafutwa kwa jina lake. Mashine ilikuwa ikizungusha, lakini waya uliongozwa kwa vidole. Kila pikapu ya Stratocaster ilikusudiwa kupata mizunguko kama 8,000, na kwa kuwa mkono ni mkono, hii ilipata mia kadhaa zaidi na ile ikapata pungufu. Kofia mbili zilizoshonwa na fundi mmoja hazilingani tundu kwa tundu, na pikapu hizo zilikuwa vivyo hivyo. Wanaosema kuwa magitaa mawili ya mwaka mmoja hayakulia sawa hawasemi uongo. Ila wasisahau upande wa pili wa maneno hayo, kwamba baadhi yalilia vibaya.

Aibu kubwa ya pikapu hizi za koili moja ni mngurumo. Koili haichagui. Inapokea sauti ya uzi, na inapokea vilevile mvumo wa umeme wa nyumbani, ambao kwetu Kenya hupigapiga mara 50 kwa sekunde, pamoja na kelele za taa za mrija na jenereta. Bendi inapopumzika baina ya nyimbo mbili, spika huendelea kuvuma kama mzinga wa nyuki. Dawa yake ilipatikana kwa Seth Lover, mhandisi wa Gibson, aliyepeleka ombi la hataza mwaka 1955. Alichukua koili mbili akaziweka ubavu kwa ubavu, moja ikazungushwa kinyume cha mwenziwe na sumaku yake ikageuzwa pia. Mngurumo unaingia katika zote mbili lakini kwa kupingana, kama watu wawili wavutao kamba kwa nguvu sawa, ukafa. Sauti ya uzi, kwa kuwa imegeuzwa mara mbili, inaingia kwa kusaidiana, ikazidi. Hataza yenyewe ilitolewa mwaka 1959. Pikapu zilizotoka kati ya mwaka 1957 hivi na 1962 zilibandikwa chini yake kikaratasi kisemacho kuwa hataza imeombwa, na kwa herufi za mwanzo za maneno hayo ya Kiingereza zikaja kuitwa P.A.F. Jozi moja ya hizo leo huuzwa kwa maelfu ya dola. Si gitaa, ni pikapu mbili peke yake. Na mahali penye bei kama hiyo hapakosi wajanja: kikaratasi kile huigwa, kikabandikwa chini ya kitu cha juzi.

Je, hizo za zamani zina nini? Mimi siamini kwamba uzee peke yake una sauti. Wauzaji hupenda kusema kuwa sumaku ikizeeka hulainika na kutoa sauti tamu. Sumaku za zamani nyingi ni za mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti, na zikitunzwa huishi miaka mingi sana bila kupungua kwa kiasi cha kusikika. Zikidhoofika, mara nyingi ni kwa sababu zilikutanishwa na sumaku nyingine au zilipata joto kali. Sauti yao haikuja kwa miaka. Ilikuwamo tangu siku ya kwanza, katika hesabu ya mizunguko na namna ya kutengenezwa.

Hesabu ya mizunguko ndiyo jambo la kwanza. Ukiongeza waya, pikapu hupata nguvu zaidi, amplifaya ikasukumwa zaidi. Lakini kila waya unavyozidi, sauti za juu kabisa, zile nyembamba zenye kung'aa, huzidi kufa. Watengenezaji wa miaka ya 1950 walikuwa wakitafuta sauti safi, kwa hiyo waya wao ni wa kiasi. Baadaye vijana wa roki walitaka amplifaya ilie kwa kukwaruza, na mwaka 1972 Larry DiMarzio akatoa pikapu yake ya Super Distortion, yenye waya mwingi na sumaku ya kauri yenye nguvu. Huo ndio mwanzo wa biashara ya kuuza pikapu peke yake, mtu akang'oa alizonunua nazo gitaa akatia nyingine. Seymour Duncan alifungua kampuni yake mwaka 1976, na mwaka huo huo Rob Turner akaanza kazi iliyokuja kuitwa EMG, ambamo pikapu ina koili ndogo na kikuza sauti chake ndani, kinachokula betri ya volti 9. Hizo ni kimya kabisa. Mwaka 2014 kampuni ya Fishman ikatoa pikapu ziitwazo Fluence, ambazo hazina hata waya wa kuzungushwa: koili zake zimechapwa katika vibati vyembamba vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka, kila moja sawa na mwenziwe. Hapo bibi wa kuongoza waya kwa vidole hana kazi tena.

Sasa, ipi bora? Jibu lategemea unapiga nini, na hapa ndipo magazeti ya Ulaya na Marekani yasipotusaidia, kwa sababu yao yote ni roki na bluzi. Muziki wetu wa dansi, tangu siku za Equator Sound ya Nairobi walipokuwako akina Fadhili William, Daudi Kabaka, Nashil Pichen na Gabriel Omolo, ni muziki wa magitaa yanayosemezana. Solo inasema, la pili linajibu, rithimu inashikilia, na besi inatembea chini yao. Raha yake ni kwamba kila moja lasikika mbali na mwenziwe. Ukitia katika solo pikapu yenye waya mwingi na sumaku kali, gitaa lile la pili linafunikwa kama mtu mfupi nyuma ya mrefu msikitini siku ya Idi: yupo, lakini haonekani. Kwa muziki huu pikapu za nguvu ndogo ndizo zenye kufaa, na kwa hilo nakubaliana na wapenda ya kale. Ninapoachana nao ni kwenye bei. Pikapu ya nguvu ndogo yaweza kutengenezwa leo asubuhi, kwa sumaku ile ile na mizunguko ile ile, na watengenezaji wengi wanafanya hivyo.

Tena dunia ina kejeli zake. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Teisco ya Japan ilikuwa ikitoa magitaa ya bei rahisi, yenye pikapu zilizofunikwa kwa karatasi ya rangi ya dhahabu. Yalihesabiwa kuwa vitu vya kuchezea watoto. Kisha mpigaji mashuhuri wa Marekani, Ry Cooder, akaitoa pikapu ya Teisco akaitia katika Stratocaster yake, watu wakaisikia, na kile kilichokuwa takataka kikapanda bei. Basi mwenye gitaa la kale la Japan lililolala darini asikubali haraka kumpa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Hayo yote ni ya bendi. Lakini nilisema mapema kuwa gitaa la Kakamega lina habari yake, nayo ndiyo iliyonifanya niandike.

Omutibo, mtindo wa George Mukabi, ni wa gitaa kavu. Gumba linapiga besi, kidole cha shahada kinapiga wimbo, na mpigaji mwenyewe ndiye mwimbaji. Pembeni yake yuko mtu wa pili mwenye chupa. Si mzaha: ni chupa ya kioo ya Fanta, ile yenye mapete ubavuni, ambayo hukwaruzwa na kugongwa kwa kijiti au kipande cha chuma, ikalia chakacha kwa mwendo usiokatika. Enos Okola wa Abana ba Nasery alikuwa hodari wa chombo hicho, hata kampuni ya GlobeStyle ya London ilipotoa santuri yao mwanzoni mwa miaka ya 1990 iliwaita juu ya jalada wafalme wa gitaa na chupa wa Kenya. Ndani ya mwendo huo waujuao husikia mdundo wa isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliitia mwaka 2014 katika orodha ya mila zinazohitaji kulindwa kwa haraka.

Santuri za zamani za muziki huo zilirikodiwa kwa maikrofoni. Maikrofoni ni sikio. Imepokea uzi, na kucha juu ya uzi, na kishindo cha gumba, na mbao ikiitikia, na pumzi ya mwimbaji kabla hajaanza beti, na chupa. Vyote vimo, vimechanganyika kama pilau. Sasa mpe mpigaji huyo huyo gitaa la mbao nzima lenye pikapu ya sumaku. Uzi utasikika hata ng'ambo ya mto. Kioo si chuma, kwa hiyo chupa haimo. Mbao haina tumbo, kwa hiyo kishindo cha gumba kimetoweka. Kilichobaki ni noti, na noti peke yake si omutibo. Ndiyo sababu wengi waliohamia vyombo vya umeme, kama Sukuma bin Ongaro aliyewachezesha watu wa magharibi kwa Kiluhya, walilazimika kuujenga muziki upya kwa ngoma na besi. Ukapendeza, lakini ni muziki mwingine.

Na hapa tofauti baina ya pikapu ya zamani na ya kisasa yapata maana ambayo muuzaji hakuambii. Pikapu za Gibson za miaka ya 1950 hazikutiwa nta. Waya wake umebaki na nafasi ndogo ndogo, na koili yenyewe yaweza kutetemeka. Ukigonga mbao ya gitaa lenye pikapu kama hiyo, mgongo huo husikika kwenye spika. Kwa maneno mengine, kwa ila ya kutengenezwa kwake, sumaku hiyo imepata nusu sikio. Wapigaji wa roki walipoongeza sauti za amplifaya zao, nusu sikio hilo likawa balaa, maana pikapu ilisikia spika, na spika ikasikia pikapu, mpaka gitaa likapiga yowe lisilozuilika. Ndipo ikawa desturi kuzamisha pikapu katika nta ya moto, nta ikaingia kati ya waya na kuugandisha. Pikapu nyingi za kisasa zimetiwa nta hivyo, na nyingine zimefungwa ndani ya gundi ngumu kabisa. Hazipigi yowe. Wala hazisikii gumba.

Kwa hiyo mtoto wa Kakamega anayetaka kupiga omutibo kwa umeme ana sababu ya haki ya kupenda pikapu ya zamani, au mpya iliyotengenezwa bila nta, ambayo si sababu ya mshabiki wa P.A.F. wa Chicago. Yule ataka utamu. Huyu ataka kishindo. Lakini ajue kuwa atapata kidogo tu, na kwamba harusini, spika zikiwa kubwa na karibu, yowe litamfuata.

Sisi wa Pwani tunalijua tatizo hili ingawa hatukulipa jina. Udi haukubali pikapu ya sumaku. Nyuzi zake nyembamba ni za nailoni, na zile nene zimeviringwa waya wa shaba, na shaba haivutwi na sumaku. Unaweza kutia pikapu ya maelfu ya dola chini ya udi wa aina aliopiga Zein l'Abdin, usisikie hata mnong'ono. Ndiyo maana udi umeendelea kusogezewa maikrofoni. Taishokoto ni kinyume chake. Chombo hicho, kilichobuniwa na Goro Morita huko Nagoya, Japan, mwaka 1912, chenye vibonyezo kama taipureta, kina nyuzi za chuma, na kwa hiyo kilimeza umeme bila taabu. Waliozisikia nyimbo za Zuhura Swaleh wanajua namna kinavyopasua juu ya ngoma na sauti za waitikiaji. Laiti kingetegemea tumbo lake, ambalo ni kisanduku tu, kisingefika safu ya tatu ya viti.

Kwa udi na kwa gitaa kavu, jawabu la kisasa si sumaku. Ni kipande cha fuwele au kauri kinachotiwa chini ya daraja la nyuzi, ambacho kikibanwa na mtetemo hutoa umeme, jambo lililogunduliwa na ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880. Hicho hakijali nailoni wala chuma. Kinahisi mbao, basi gumba linarudi. Kasoro yake ni sauti yenye ukavu wa bati, hasa kikipigwa kwa nguvu, na hakifanyi vizuri bila kikuza sauti kidogo chenye betri. Wengine hukichanganya na maikrofoni ndogo iliyofichwa ndani ya tundu, na kwa sikio langu hapo ndipo gitaa kavu linapofanana na nafsi yake.

Mwenye gitaa la umeme asiyeridhika na sauti yake, kabla hajatoa shilingi, nampa kazi ya nusu saa. Atazame waya utokao kwenye gitaa kwenda kwenye amplifaya. Waya mrefu na hafifu hula sauti za juu kama vile pikapu yenye mizunguko mingi, na watu wamefukuza pikapu nzuri kwa kosa la waya. Kisha achukue bisibisi, aishushe pikapu kidogo kutoka kwenye nyuzi. Sumaku iliyo karibu mno huivuta nyuzi ikaizuia kucheza, na sauti ikawa ya kukabwa. Ikishuka kidogo sana, gitaa laweza kugeuka likawa jingine. Abadilishe nyuzi zilizoshika kutu, maana hewa yetu ya chumvi haina huruma. Kama bado pikapu haina uhai, fundi wa redio aipime kwa mita yake. Pikapu ya koili moja ya aina ya Stratocaster husoma kama omu 6,000, na ya koili mbili ya zamani baina ya 7,000 na 9,000. Ikisoma si kitu, waya umekatika, na fundi mwenye subira anaweza kuuzungusha upya. Ikisoma 14,000 au zaidi, hiyo ni ya roki. Muuzie mpiga roki.

Na mpiga omutibo? Kwake ushauri wangu ni kubaki na gitaa la tumbo, atie kile kipande cha chini ya daraja, na pesa zilizobaki anunue maikrofoni mbili za kawaida, moja ya mdomo wake na moja ya mwenye chupa. Hii ya pili isimamishwe kama shubiri moja kutoka kwenye mapete, si karibu zaidi, maana chupa ina ukali. Juu ya chupa yenyewe hakuna ubishi wa zamani na kisasa: ni ile ya kioo. Ya plastiki, hata ukiikwaruza mpaka alfajiri, hailii.